Magari ya Moshi ya Zamani Yalikwenda Wapi?



Shule nyingi za vijijini kwetu hazina kengele ya dukani. Zina kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye tawi la mti. Mwanafunzi wa zamu hukigonga kwa nondo, nao watoto huingia darasani.

Siku moja darasa letu la kisomo lilikaa chini ya mti wenye kengele ya namna hiyo. Kijiji hicho kiko karibu na njia ya reli inayokwenda Mwanza. Mama mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, reli hii ilitoka wapi? Na yale magari ya moshi yaliyokuwa yakipita juu yake yamekwenda wapi? Yalizikwa?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja hakucheka. Akasema, "Mimi nimeyapanda, kutoka Malampaka mpaka Mwanza. Ukivaa shati jeupe, unashuka nalo lina madoa meusi. Lakini yalikokwenda, hata mimi sijui."

Mimi nami nilikuwa sijui. Nimezaliwa wakati treni zetu zikivutwa na injini za dizeli. Basi nikaahidi kutafuta jibu. Jibu lenyewe ni hili. Lisomeni kwa sauti darasani, halafu mlijadili.

GARI LA MOSHI LILIFANYAJE KAZI?

Kwanza tujue kitu chenyewe. Hebu fikiri sufuria ya maji iliyo jikoni. Maji yakichemka, mfuniko unaanza kuruka. Nini kinauinua? Ni mvuke. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mvuke ukibanwa mahali padogo, unasukuma kwa nguvu ili utoke.

Injini ya moshi ni sufuria hiyo hiyo, ila ni kubwa sana na imefungwa. Nyuma kuna tanuri la moto. Mbele ya tanuri kuna pipa kubwa la chuma lililojaa maji. Pipa hilo huitwa boila. Moto unapita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, na maji yanachemka. Mvuke unakwenda kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma. Pistoni inasukuma vyuma virefu, vyuma vinazungusha magurudumu. Mvuke ukimaliza kazi, unatokea kwenye dohani pamoja na moshi. Ndiyo ile sauti ya "chu, chu, chu" ambayo wazee wanaikumbuka.

Moto ulitaka kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito. Boila lilitaka maji mengi kila safari. Ndiyo sababu kulikuwa na matangi ya maji kwenye stesheni. Na kazi hii ilitaka watu wenye ujuzi. Dereva aliangalia njia. Fayamani alilisha moto. Mafundi wa karakana walikagua boila. Boila likikosa maji huku moto unawaka, linaweza kupasuka na kuua watu.

NJIA YETU YA MWANZA

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kuja Mwanza lilimalizika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Urefu wake ni karibu kilometa 380. Linapita Isaka, Shinyanga, Malampaka, Bukwimba na Fela. Njia hii ilichukua pamba yetu kwenda pwani, ikaleta chumvi, nguo na majembe.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Injini na mabehewa yakawa mali ya pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikavunjika. Kila nchi ikabaki na vyombo vyake, na kwetu likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Katika miaka ya 1970 na 1980 injini za dizeli zilichukua kazi za injini za moshi.

Kwa nini? Dizeli inawashwa na kuondoka. Injini ya moshi huwashwa saa nyingi kabla ya safari, ili maji yachemke. Dizeli haihitaji tangi la maji kila baada ya stesheni kadhaa. Tena watumishi wake ni wachache. Kwa hiyo injini za moshi zikaanza kuwekwa pembeni, moja baada ya moja.

Hapo ndipo swali la mama linapoanza. Kitu cha chuma cha tani nyingi, kazi yake ikiisha, kinakwenda wapi?

KWANZA: KUKATWA NA KUYEYUSHWA

Injini nyingi ziliishia hapa. Chukueni mfano wa injini kubwa kuliko zote zilizowahi kufanya kazi Afrika Mashariki. Ziliitwa injini za daraja la 59. Ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950. Zilikuwa 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na urefu wa zaidi ya mita 31. Tukisema tembo dume mmoja ana tani 6, basi injini moja ilikuwa na uzito wa tembo 42. Zilivuta mizigo hasa kati ya Mombasa na Nairobi.

Kila injini ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Leo zimebaki 2 tu, nazo ziko Nairobi. Moja inaitwa Mount Gelai, ya pili Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko kwetu Tanzania. Gelai uko karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upare.

Haya, tufanye hesabu. 34 toa 2 ni ngapi? Ni 32. Hizo 32 zilikatwa, zikauzwa kwa uzito kama vyuma chakavu.

Chuma cha injini hakipotei. Kinayeyushwa, kinakuwa chuma kingine. Huenda nondo ya nyumba fulani iliwahi kuwa gurudumu. Ndani ya injini za zamani kulikuwa pia na shaba nyekundu na shaba ya njano, ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya chuma. Ndiyo maana injini ikiachwa bila mlinzi, sehemu za shaba huondoka kwanza.

PILI: KUONDOKA BILA KUACHA ALAMA

Sasa twende Unguja. Wengi hawajui kwamba Zanzibar nako kulikuwa na treni. Katika miaka ya 1880 Sultani Barghash alikuwa na reli ndogo kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ndogo ya moshi kutoka Uingereza. Sultani alifariki mwaka 1888. Reli ikang'olewa, na injini ikaishia kwenye vyuma chakavu.

Mwaka 1905 kampuni ya Wamarekani ilianza kuendesha reli nyingine, kutoka Ngome Kongwe mjini hadi Bububu. Urefu wake ulikuwa karibu maili 7. Wananchi walipanda kwenda na kurudi shamba. Tena meli ya abiria ikitia nanga, watalii waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza wakatembezwe kuona mashamba. Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo. Baadaye motokaa zikaja, barabara zikatengenezwa, abiria wakapungua. Mwishoni treni ilibaki kubeba mawe ya kujengea bandari, na kabla ya miaka ya 1930 kwenda mbali haikuwapo tena.

Kwa nini vyombo vyake havikuokolewa? Sababu moja ni rahisi. Reli ya kisiwani haina ndugu. Injini ya Tabora ikikosa kazi Tabora, inaweza kupelekwa Dodoma. Injini ya Bububu ingekwenda wapi? Kuivusha bahari ni gharama, na huko bara nako kuna reli za aina nyingine.

Hapa niseme jambo moja. Watu wengine husema jina la Bububu limetokana na mlio wa treni. Siyo kweli. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliitaja Bububu katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1886. Hiyo ni miaka 19 kabla ya treni ya Wamarekani. Mnaona? Treni imeondoka, halafu watu wameanza kuitungia hadithi. Kitu kisipobaki na maandishi yake yasiposomwa, uongo hukaa mahali pa kweli.

TATU: KUTUMIKA MAHALI PENGINE

Vyombo vingine vilipata kazi mpya. Vipande vya reli vilikuwa nguzo, kenchi za mabohari, na kengele za shule kama ile yetu. Mabehewa mengine yakawa stoo.

Mfano mkubwa ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha karibu 5,000, ikapanda treni kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Huko ikaunganishwa tena. Mwaka 1916 Wajerumani waliposhindwa vita huko Kigoma, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi wao walikwisha kuipaka mitambo girisi nene ili isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka majini. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli.

Mambo mawili yaliiokoa Liemba. La kwanza ni girisi, yaani mtu aliyeitunza kabla ya kuiacha. La pili ni kazi, kwa sababu watu wa ziwa lile waliihitaji. Hata sisi wa Ziwa Victoria tunalo jambo kama hilo. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Ilisimama miaka mingi kwa ubovu, ikafanyiwa matengenezo makubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini.

NNE: KUWEKWA MAKUMBUSHO NA KUTEMBEZA WATALII

Mwaka 1971 shirika la reli la Afrika Mashariki lilifungua makumbusho ya reli Nairobi, karibu na stesheni. Huko ndiko zilikohifadhiwa zile injini mbili za milima. Kuna pia behewa moja dogo lenye habari ya kutisha. Mwaka 1900, pale Kima nchini Kenya, simba aliingia ndani yake usiku, akamchukua ofisa wa polisi wa reli aliyekuwa amelala akimvizia simba huyo huyo.

Mwaka 2001 injini ya Mount Shengena ilitengenezwa, ikatembea tena. Injini nyingine ya huko huko iliyotengenezwa ni namba 3020, nayo inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Injini hizi zilivuta treni maalumu za watalii na wapenzi wa magari ya moshi. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuziona.

Mtauliza, kama watalii wanalipa, kwa nini treni za namna hiyo hazidumu? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni vipuri. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka 1966. Kitu kikivunjika, hakuna duka la kununua kingine. Fundi akichonge upya, au akitoe katika injini nyingine iliyokufa. Kwa hiyo injini mbovu nayo ni ghala la vipuri. Ukiiuza kwa mnunuzi wa chakavu, umeua na ile iliyo nzima.

Sababu ya pili ni ujuzi. Mzee anayejua kulisha moto na kusikiliza boila akifariki bila kumfundisha kijana, fedha haziwezi kumrudisha.

Sababu ya tatu ni gharama ya usalama. Boila lazima likaguliwe mara kwa mara, maana lina nguvu ya kuua. Treni inayotoka mara chache kwa mwaka haileti fedha za kutosha kwa kazi hiyo.

TANO: KUACHWA NA KUIBIWA

Hii ndiyo njia mbaya kuliko zote, na inatuhusu sisi tunaoishi kando ya reli.

Katika kijiji kile kile cha darasa letu, mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mzani wake. Kina mama walileta masufuria yaliyotoboka na majembe yaliyokwisha. Hilo ni jambo zuri, kwa sababu chuma kinarudi kiwandani na wao wanapata fedha ya chumvi. Lakini kijana mmoja alileta mfuko wenye bolti nne na vibanio vya reli. Alisema ameviokota, ni vya zamani. Yule mzee wa Malampaka akavitazama, akavigeuza. Akamwambia, "Mjukuu wangu, hiki hakina kutu. Hiki jana kilikuwa kimeshika reli."

Kijana akanyamaza. Wazee walimchukua mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, na vyuma vikarudishwa stesheni kabla ya treni ya usiku.

Ndugu zangu, reli imelala juu ya mataruma. Vibanio na bolti ndivyo vinavyoishika isisogee. Vikitolewa mahali pamoja, reli inaweza kupanuka, gurudumu likaanguka katikati. Ndani ya mabehewa yale kuna watoto wetu, mahindi yetu na wagonjwa wetu wanaokwenda hospitali. Kuvunja reli ni kosa la jinai. Lakini hata kama hakuna polisi, je, bei ya kilo mbili za chuma inalingana na roho ya mtu?

Tena kuna hatari nyingine. Boila na mabomba mengi ya mitambo ya zamani yalifunikwa kwa asbesto ili yasipoteze joto. Asbesto inafanana na pamba ngumu au chokaa yenye nyuzi. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa mkubwa, hata baada ya miaka mingi. Ukikuta mtambo wa zamani uliofunikwa kwa kitu kama hicho, usiukwangue, na usiwaache watoto wachezee hapo. Toa taarifa serikali ya kijiji.

KWA NINI TUJUE HAYA LEO?

Kwa sababu jambo hili linarudi. Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli mpya ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilometa 341. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma.

Reli ya zamani ina upana wa meta 1, yaani milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli mpya ina milimita 1,435. Tofauti yake ni milimita 435, kama urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Kwa sababu ya tofauti hiyo, injini na mabehewa ya njia ya zamani hayawezi kutembea juu ya njia mpya. Siku moja injini za dizeli, mabehewa ya mbao na chuma, vyombo vya kupashia habari na saa za stesheni vitakosa kazi, kama zilivyokosa zile injini za moshi. Siku hiyo watu wataamua. Kipi kiyeyushwe? Kipi kiwe kipuri? Kipi kihifadhiwe?

Si lazima kila kitu kihifadhiwe. Chuma kikiyeyushwa kwa utaratibu, fedha yake ikaingia mfuko wa umma, ni faida. Lakini kisiuzwe chote kabla hatujachagua cha kubakiza. Pale Bujora, karibu na Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na wananchi. Yanahifadhi ngoma na vitu vya watemi. Bila kazi ile, wajukuu wetu wangesikia habari za ngoma zile kwa mdomo tu. Reli nayo imekuwa sehemu ya maisha yetu tangu mwaka 1928.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakitaki fedha wala karakana. Ni kumbukumbu za watu. Katika vijiji vyetu bado wapo wazee waliokuwa mafayamani, wachukuzi, wakata kuni na watengeneza njia. Nyinyi mliohitimu kisomo mnajua kuandika. Chukueni daftari. Kaeni na mzee mmoja jioni. Andikeni jina lake, kijiji chake, kazi aliyofanya, stesheni aliyokaa, mwaka alioanza na mwaka alioacha. Muulizeni injini aliyoijua ilikuwa namba ngapi, na ilipelekwa wapi. Daftari hilo liwekwe katika maktaba ya kijiji au shuleni.

Mama aliyeuliza swali lile amekwisha kuanza. Amejaza kurasa 6 za maneno ya mzee wa Malampaka. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba kipande cha reli cha kengele yetu kililetwa kwa baiskeli kutoka stesheni, kwa ruhusa ya bwana stesheni, na kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyekisukuma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini injini za dizeli zilichukua kazi ya injini za moshi? Taja sababu mbili.
2. Injini za daraja la 59 zilikuwa 34. Kila moja ilikuwa na tani 252. Zote pamoja zilikuwa na tani ngapi?
3. Nini kiliiokoa meli ya Liemba?
4. Mtu akileta bolti za reli kwa mnunuzi wa chakavu kijijini kwenu, mtafanya nini?
5. Kijijini kwenu kuna kitu gani cha zamani kinachofaa kuhifadhiwa? Nani atakitunza?

MANENO MAGUMU

Boila: pipa la chuma la kuchemshia maji ya injini.
Fayamani: mtumishi anayelisha moto wa injini.
Taruma: gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli.
Vipuri: vyombo vya kubadilisha vilivyoharibika.
Chakavu: kilichotumika mpaka kikachoka.